Wimbo wa Baba Tuliouvulia Kofia

Tangu turudi sina raha. Nikishuka kwenye treni hapa Bredäng, Stockholm, nashikwa mkono, nikiingia kanisani navutwa kitenge: "Spesioza, hebu sema, mlikwenda kufanya nini Uskoti? Na kofia ya Yohana ilipotelea wapi?" Nimeeleza hadi sauti imekauka, na kila nikieleza, mdogo wangu Yohana anaongeza uongo pembeni. Basi nimekaa nikaandika. Atakayeuliza tena nitampa karatasi. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo maneno makubwa msiyatafute humu. Habari za tiketi na pasi naziruka, maana hata mimi zilinichosha.

Ugomvi wa Bredäng

Wengi wenu hamkumjua Baba. Alikuwa mchimba visima kule Kigoma, tulikokimbilia kutoka Burundi. Alikuwa na wimbo mmoja usio na maneno, aliupiga kwa mluzi akivuta kamba ya ndoo ya udongo kutoka shimoni. Ulikwenda taratibu. Ukifika mahali fulani katikati, alivua kofia, akaiinua kidogo juu ya kichwa, akairudisha. Siku zote mahali pale pale. Halafu alikuwa na swali lake. Mtoto akirusha kitu, jiwe, kiatu, chochote, yeye aliuliza: "Atakayekifuata ni nani?" Hakugomba. Aliuliza tu, na wewe ukaenda ukakifuata.

Yeye na Mama walipofariki, Yohana alikuwa anasoma darasa la kwanza na mdogo wetu wa mwisho, Furaha, alikuwa bado mgongoni. Mgongo ulikuwa wangu. Sikuwa na kitu cha wazazi cha kuwapa isipokuwa ule wimbo. Kwa hiyo kila mwaka, siku ya kuwakumbuka, tunasimama, napiga mluzi, na tukifika mahali pale tunavua kofia na kuziweka kifuani. Tumefanya hivyo kambini, na tumefanya hivyo sebuleni Bredäng, tumevaa kofia za sufu ndani ya nyumba yenye joto ili tuwe na cha kuvua.

Furaha alikulia hapa Stockholm, akajifunza fidla. Sasa anaolewa na Mugisha, yule kijana mpole wa Rissne. Jioni moja akaniambia anataka kuingia ukumbini kwa wimbo wa Baba.

"Haiwezekani," nikasema. "Wimbo wa msiba hauingii na bibi harusi."

"Dada, nani alikwambia ni wa msiba?" Alinijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake akikasirika.

"Nilikuwepo mimi. Wewe ulikuwa unanyonya."

Hapo ndipo akatoa alilokuwa ameficha. Kwenye mkutano wa wapiga fidla, mgeni mmoja kutoka Uskoti alimsikia akiupiga, akacheka. Akamwambia wimbo ule ni wa bondeni kwao, haupigwi mahali pengine popote, ila hajawahi kuusikia ukibebwa kama gunia la viazi. Akamwambia yuko bibi mmoja huko, Bibi Morag, anayejua kila wimbo wa bonde lile ulikozaliwa.

Jamani, nilikasirika. Baba yangu, ambaye hata bahari hakuiona, awe na wimbo wa Uskoti? Na kama si wa msiba, mimi nilikuwa nawapa nini watoto hawa miaka yote, wamesimama na kofia kifuani kama askari?

Mwisho nikasema: "Nipelekeni. Wenyewe wakisema ni wa furaha, upigwe harusini. Wakisema ni wa msiba, siku hiyo usiuguse." Furaha akanipa mkono. Yohana, ambaye anaendesha basi huko Farsta na hapendi kupitwa, akasema naye atakuja kuwa mwamuzi.

"Mwamuzi gani," nikamwambia, "wewe unafuata chakula."

"Dada, mwamuzi mwenye njaa hukosea."

Sombe uwanjani

Nilipika sombe ya safari, majani ya mihogo yaliyopondwa vizuri na mawese yakang'aa juu. Uwanja wa ndege za bei nafuu uko mbali, ndani ya msitu, na tulifika mapema kwa sababu mimi sichelewi. Msichana wa ukaguzi akafungua bakuli, akarudi nyuma hatua moja.

"Hiki ni kimiminika," akasema.

"Kimiminika?" Yohana akaruka. "Dada, geuza bakuli aone!"

Nikageuza. Sombe yangu haikudondoka hata kidogo. Ilining'inia pale, imara kabisa, na mimi nikajisikia mpishi. Msichana akaitazama kwa heshima, halafu akasema basi ni kama krimu, na krimu pia haipiti.

Kutupa chakula sijui. Tukakaa chini ukutani, nikagawa vijiko, tukaanza kula huku foleni nzima ikipita mbele yetu. Mzee mmoja wa Kiswidi akasimama kuuliza ni nini kinachonukia namna ile. Nikampa kijiko. Akafumba macho akala, akauliza: "Ni mchicha?"

"Mzee," Yohana akamwambia kwa upole, "usimtukane dada yangu mbele za watu."

Akaomba cha pili. Tulipomaliza tukakimbia na matumbo yamejaa, Furaha amekumbatia fidla kama mtoto, na kufika mlangoni tukaambiwa kuna ukungu, ndege haijafika. Tungeweza kula polepole. Tungeweza hata kupika nyingine.

Kondoo njiani

Kutoka Glasgow tulipanda treni ya kaskazini. Nje mvua na vilima, vilima na mvua, kijani kibichi kama kwetu Burundi, ila hakuna ndizi. Katikati ya pori treni ikasimama. Kondoo walikuwa wamekaa relini wanacheua, na dereva ameshuka anawapungia mikono kama anayeaga ndugu.

Yohana hakuweza kuvumilia. "Mimi nimechunga mbuzi!" Akafungua dirisha dogo la juu, akapiga ule mluzi mkali wa wachungaji wa kwetu. Kondoo wakainuka. Behewa zima likampigia makofi. Halafu wale kondoo wakageuka, wakamtazama, wakasogea karibu zaidi, wakakaa tena.

"Wamekupenda," Furaha akasema.

"Hawa hawajafundishwa."

Tulikaa pale muda mrefu. Mbele yangu alikuwa mama mmoja wa makamo mwenye chupa ya chai na biskuti za shayiri, ngumu kama vigae. Furaha akasinzia, kwa hiyo sikuwa na mkalimani. Yule mama akagusa kofia yangu niliyofuma mwenyewe, akasema jambo kwa Kiingereza. Nikagusa yake, nikasema jambo kwa Kiswahili. Akanionyesha kwa vidole jinsi alivyopindisha uzi ukingoni, nami nikamwonyesha ninavyofunga utosini. Tukaongea hivyo, kila mtu na lugha yake, wala hatukukosana. Treni ilipoondoka tulikuwa tumebadilishana kofia. Yake ni ya bluu, ina kishada juu kama mkia wa sungura. Mmeniona nayo kanisani. Hapo ndipo ilipotoka.

Mkahawa ambamo wote walisimama

Tulishuka kwenye basi la mwisho tumelowa, tukaingia mkahawa mdogo wa kijiji kupata supu. Mwenye mkahawa, mama mnene mwenye mashavu mekundu, akaliona sanduku la fidla, akaomba asikie kidogo. Wateja walikuwa wachache: wazee kadhaa kaunta na wanawake wawili dirishani.

Furaha akanitazama. Nikamwambia: "Piga ule ule, na uupige kama ulivyo."

Akaupiga kama tunavyoujua, taratibu. Mvua inagonga dirisha, supu inapoa. Tulipofika mahali pale, mimi na Yohana tukasimama, tukavua kofia, tukaziweka kifuani, nikainamisha kichwa kama kila mwaka. Nilipokiinua, watu wote walikuwa wamesimama. Wazee wa kaunta wameshika kofia mikononi. Redio imezimwa. Mwenye mkahawa akaja akanishika mikono yote miwili, macho yamemjaa maji, akasema maneno.

"Anasema nini?"

"Anasema pole sana, Dada," Furaha akanong'ona.

"Mwambie asante."

Mtu akikupa pole unasema asante, au siyo? Mimi moyoni nilikuwa nimeshinda. Nikamgeukia Furaha: "Umeona? Umeona wenyewe wanavyousimamia? Sikukwambia?"

Furaha akafunga fidla, akatoka mbele yetu kwenye mvua, ameificha chini ya koti. Yohana akaniambia, bila mzaha safari hii: "Umeshinda, Dada. Mbona hufurahi?"

Kweli sikufurahi. Nilimtazama mtoto niliyembeba mgongoni anatembea peke yake barabarani mabega yameshuka, nikaona ushindi gani huu. Lakini neno ni neno. Tulikuwa tumepeana mikono.

Kwa Bibi Morag

Asubuhi, kabla hata hatujabisha, mlango ulifunguliwa. Bibi Morag ni mfupi, anavaa viatu vya mvua ndani ya nyumba, na nywele zake nyeupe zimesimama kama zimeshtuka. Nyuma yake nyumba imejaa watu. Na meza! Masufuria ya supu, keki za zabibu, mkate wa viazi, na bakuli kubwa la ile nyama yao ya tumbo la kondoo iliyochanganywa na shayiri. Mzee mmoja amevaa tai nyeusi. Mwenye mkahawa wa jana naye yuko, anakata mkate.

Yohana akaninong'oneza: "Dada, hawa watu wana ukarimu kuliko sisi."

Tukakalishwa. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyeongea kwa sauti. Bibi Morag akanishika goti, na Furaha akatafsiri:

"Sasa, wanangu. Nani amefariki?"

Nikajibu: "Baba yetu."

Chumba kizima kikashusha pumzi. "Oh! Masikini. Lini?"

Furaha akafikiri. "Mimi nilikuwa bado mgongoni."

Bibi Morag akamtazama Furaha: mtu mzima, mrefu, na pete ya uchumba kidoleni. Akamtazama mwenye mkahawa. Mwenye mkahawa akaacha kukata mkate.

"Lakini jana," akasema, "walisimama, wakavua kofia..."

"Tulisimama kwa ajili ya wimbo," nikasema. "Na nyinyi mlisimama kwa ajili ya wimbo."

"Sisi?" mzee wa tai nyeusi akasema. "Sisi tulisimama kwa sababu nyinyi mlisimama!"

Halafu ule mkate ukaanza kutikisika mikononi mwa mwenye mkahawa, naye amebana midomo, na Yohana ndiye aliyelipuka kwanza. Jamani, tulicheka. Kijiji kizima kilikuwa kimepika usiku kucha kwa ajili ya msiba wetu. Mzee wa tai akaivua, akaitia mfukoni, akasema afadhali, maana ilikuwa inamkaba, na nyama isipoe.

Tulipokwisha kula, Bibi Morag akasema: "Haya, nisikie wimbo huo."

Furaha akaupiga. Sikusimama safari hii, nilimtazama bibi. Akaziba mdomo kwa mikono, mabega yakamtikisika. Nikasema moyoni, analia, basi ni wa msiba kweli. Kumbe anacheka.

"Mnautembeza kama mgonjwa! Ndiyo maana jana hawa hawakuutambua," akasema. "Nipe hiyo fidla."

Siwezi kuandika muziki. Niseme tu wimbo wa Baba, ambao naujua kuliko jina langu, ulitoka pale unakimbia. Ni ule ule, kila kona yake ile ile, lakini umevaa viatu. Vikombe vikaanza kuruka mezani. Mzee wa tai akamwinua mwenye mkahawa, wale wengine wakashikana, sakafu ya mbao ikawa ngoma. Na ulipofika mahali pale, mahali pa Baba, kila mwenye kofia aliirusha juu hadi darini, na wote wakapiga kelele kwa pamoja, na walichosema kilikuwa Kiswahili.

Kiswahili kibovu, kimevunjika kila mahali, lakini nilikisikia:

"Atakayeifuata ni nani?"

Nilikaa chini. Kiti hakikuwepo, nilikaa sakafuni. Yohana alikuwa ameshika kipande cha keki hewani na hakikupanda wala kushuka.

Bibi Morag akaacha kupiga. Nikamwambia Furaha: "Muulize. Muulize hayo maneno wameyatoa wapi."

Akatueleza tangu mwanzo. Wimbo ni wa zamani za babu yake. Vijana wawili fukara walikuwa wanaoana, na bwana harusi alikuwa amevaa kofia ya kuazima. Upepo ukaichukua mlangoni pa kanisa ikapotea kabisa. Kijana akasimama kichwa wazi, watu wameanza kutazamana, na mwenye kofia yuko pale pale. Bibi harusi akavua yake akairusha kwenye upepo uleule. Mpiga fidla akarusha ya kwake, halafu wote, mpaka pale nje hapakuwa na mtu hata mmoja mwenye kofia, na haikujulikana tena nani ameaibika. Wimbo ukazaliwa hapo. Tangu siku hiyo hakuna anayeolewa bondeni mle bila wimbo huo, na wakifika mahali pale kofia zinaruka.

"Na yale maneno?"

"Hayo aliyaleta Dagi."

Jina hilo nililijua. Baba alimtaja sana: Bwana Dagi, Mzungu wa visima, aliyekuwa akifanya naye kazi. Alikuwa mtoto wa shangazi yake Bibi Morag, na amekwisha kufariki. Alikuwa na tabia, maji yakitoka kisimani anapiga mluzi wa wimbo huu na kurusha kofia. Siku moja huko kwetu kofia ikapanda, ikashuka, ikaingia kisimani. Rafiki yake mmoja, mchimbaji, akamuuliza swali, wala hakugomba. Kisha, kwa kuwa Dagi alikuwa mnene na kamba haikumwamini, rafiki mwenyewe akateremka. Wakamvuta. Akatoka mdomoni mwa kisima kofia ya Dagi iko kichwani pake, maji yanamtiririka usoni, anacheka, anacheka mpaka akakaa kwenye tope, na Dagi naye akakaa kwenye tope.

"Baada ya hapo," Bibi Morag akasema, "yule rafiki akaweka sheria. Kwenye kisima kofia haitupwi. Inainuliwa tu kidogo, halafu inarudi kichwani. Dagi kila akigusa kofia yake alisikia swali lile. Akaja nalo nyumbani. Watoto wetu wanalisema, hawajui maana yake. Wewe unaijua?"

Nikamwambia maana yake. Wakarudia wote polepole kwa lugha yao, na mwenye mkahawa akajipangusa macho tena.

Nanyi mnaonijua mnajua mimi si mtu wa machozi. Nilichokuwa nacho cha Baba miaka yote ni mgongo wake ukivuta kamba. Sasa nina uso wake, umelowa, umekaa kwenye tope, unacheka. Wimbo ulikwenda taratibu kwa sababu ndoo ilikuwa nzito. Kofia haikuruka kwa sababu kisima kilikuwa wazi. Hakukuwa na huzuni yoyote ndani yake. Hiyo tuliitia sisi, na hata hivyo ilitulea.

Furaha alikuwa mbele yangu, hathubutu kuuliza. Nikamwambia: "Unangoja nini? Piga. Upige mbio."

Akapiga. Yohana akanivuta mikono yote miwili. Mimi, ambaye kwenye harusi zenu zote husimama jikoni nikipakua pilau, nilicheza. Nilicheza na mzee wa tai, nikacheza na mwenye mkahawa, nikamkanyaga Bibi Morag na viatu vyake vya mvua vikamwokoa. Na tulipofika mahali pale nilivua kofia yangu ya bluu yenye mkia wa sungura, na mkono ukaenda kifuani wenyewe, kwa mazoea. Nikaukataa. Nikairusha.

Nyumbani

Ya Yohana ilinasa juu ya boriti ya dari, haikushuka hata kwa fimbo. Iko huko mpaka leo, na Bibi Morag amekataa itolewe. Hilo ndilo jibu la mnaouliza.

Basi harusi ya Furaha mnaijua siku yake, na ukumbi ni ule ule wa kila siku hapa Bredäng. Pilau atapakua mwingine. Njooni na kofia, wanaume kwa wanawake, za sufu, za kanisani, zozote msizozionea uchungu, na mkisikia fidla msisubiri kuambiwa. Najua dari ya ukumbi iko juu sana na zile taa zinanasa kila kitu. Yohana amekwisha kuazima ngazi. Na atakayezifuata ni mimi.